Msiilaumu Miguu ya Maman Odette

Vijana wangu, nimechoka na neno "umri." Mtu mzima akianguka, kabla hata hajainuliwa, tayari yupo wa kusema: ni umri. Akianguka kijana mahali palepale, watu wote wanatazama chini kuona amekanyaga nini. Mimi nimefanya kazi ya sakafu katika mji huu wa Brussels tangu nikiwa na nywele mpaka zilipokwisha, na ninawaambia kwa hasira, wala siiombei radhi: watu wengi wanaoanguka wameangushwa na sakafu. Na sakafu haijitengenezi. Nyuma yake yuko mtu kama mimi.

Ninaandika haya kwa sababu ya mkeka. Si mkeka wa kulalia. Ni ule wa mchezo wa dansi, wa plastiki laini, wenye mishale minne, unaounganishwa na televisheni. Mishale inapanda kwenye kioo, muziki unalia, nawe unakanyaga mshale unaofanana nao kwa wakati wake. Mnaujua kuliko mimi. Mnajua pia kwamba unatembea. Unauanza wimbo ukiwa katikati ya sebule, unaumaliza ukiwa mlangoni. Ndiyo maana mlinizunguka siku ile kwenye ukumbi wa parokia, baada ya misa, mkiniuliza: "Papa Anselme, weye ni muntu ya sakafu. Tufanye je ile tapis isikimbie?" Nikaanza kujibu, nanyi mkaanza kutazama simu zenu, kwa kuwa jibu langu ni refu. Basi hili hapa, na urefu wake. Ndani yake yumo Maman Odette, maana bila yeye ningekuwa bado ninajibu upumbavu.

Nianze na bosi wangu wa kwanza. Alikuwa Mbelgiji mfupi wa mtaa wa Anderlecht, mwenye magoti mabovu kama ya kila mtu wa kazi yetu. Tulimwita Monsieur Firmin. Kila tukimaliza kutandaza sakafu, iwe ya mbao, iwe lino, ile inayokunjuliwa kama mkeka na kugandishwa na gundi, yeye alivua viatu akatembea juu yake na soksi. Kisha akavua soksi. Kisha akachovya mguu mmoja kwenye ndoo ya maji na kutembea tena, huku mwenye nyumba akishangaa na sisi vibarua tukijiziba midomo tusicheke. Kazi nzuri kwake haikuwa ile inayopendeza. Ilikuwa ile iliyoushika mguu wake.

Mimi sikumwelewa, na kosa halikuwa lake. Nimekulia Lubumbashi, kule Katanga, katika nyumba yenye sakafu ya saruji iliyopakwa nta nyekundu. Mama alivaa brashi mguuni kama kandambili, akacheza huku na huku mpaka sakafu ikatoa mwanga. Mgeni alipoingia, kabla hajatazama uso wa mwenyeji, alitazama chini. Akiyaona meno yake mwenyewe yakimcheka kutoka sakafuni, alijua amefika kwa watu wanaomheshimu. Akikuta sakafu imefifia, hakusema kitu, lakini mtaa mzima ulijua kufikia jioni: yule mama ni muvivu. Nililelewa katika imani hiyo kama nilivyolelewa katika ubatizo. Monsieur Firmin aliniona siku moja nimechuchumaa nikiusifu mng'ao wa kazi yangu, akaniambia: "Anselme, unaitazama tu. Ikanyage!" Nikadhani ni wivu.

Mwaka fulani tulipewa kazi katika nyumba moja ya kulea wazee. Mkubwa wa pale alitaka korido zing'ae, kwa sababu familia zinapokuja kuchagua mahali pa kumweka mzazi wao, zinaangalia usafi. Monsieur Firmin alikuwa kitandani na magoti yake, kwa hiyo kazi iliachwa mikononi mwangu. Niliing'arisha korido ile mpaka taa za dari zikawa zinaonekana mara mbili. Nilisifiwa, nikapewa kahawa na keki. Siku niliyorudi kuchukua mashine nilimkuta mzee mmoja anatembea na patipati zake, kiganja kimebandikwa ukutani, akiburuta mguu mmoja baada ya mwingine. Nikamsalimia, nikampita. Nilidhani ndivyo wazee wanavyotembea. Leo nina umri wake, na ninajua alikuwa anafanya nini. Alikuwa anaiogopa kazi yangu.

Sisemi zaidi juu ya hilo. Nimesema ili mjue kwamba hasira ninayoandika nayo inaanzia nyumbani kwangu.

Sasa Maman Odette. Ni jirani yangu katika jengo letu la Anderlecht, mlango kwa mlango. Marehemu mume wake alikuwa fundi kule Forest, kwenye kiwanda cha magari, mtu wa Likasi, na alipofariki alimwacha mkewe na mtoto mmoja, Didier, anayeendesha basi na kuishi mtaa wa Ganshoren, mbali na sisi. Maman Odette alipofanyiwa upasuaji wa nyonga, kiné wake, yule binti anayewafundisha wagonjwa kutembea upya, alimwona anachoka na mazoezi ya kuinua mguu na kushusha mguu. Akamuuliza anapenda nini. Maman Odette akamjibu kwamba tangu utoto anapenda kitu kimoja, kudansi. Binti yule akamletea mkeka.

Hapo jirani zetu wakapata cha kusema. Maman Clarisse wa kikundi cha sala alikuja kumtembelea, akamkuta anakanyaga mishale, akajishika kichwa, akamwita Ya, kama tunavyomwita dada mkubwa.

"Ya Odette! Na ile umri, dansi ya nini tena? Shi ukae tu, useme rozari!"

"Rozari nasemaka na vidole," Maman Odette akamjibu bila kugeuka. "Na miguu, ifanye nini?"

Mguu wake ulipata nguvu, mimi ni shahidi. Mwanzoni nilimbebea chupa za maji kutoka dukani. Baadaye nikamkuta kwenye ngazi, lifti ikiwa imekufa kama kawaida yake, ananipita na mfuko wake huku akiniuliza kama nataka anishike mkono. Lakini mkeka ulikuwa unakimbia. Akikanyaga mshale wa kulia, mkeka wote ulihamia kushoto. Siku moja aliteleza akaangukia kochi. Didier alipopata habari hakuuliza habari za mkeka. Alisema kuna home nzuri ya kulea wazee karibu na kwake Ganshoren, yenye bustani na wauguzi mchana na usiku, na kwamba mama akianguka tena, basi, hatajadiliana naye. Atamhamisha.

"Mi si sufuria," Maman Odette aliniambia asubuhi yake, macho yamemjaa machozi. "Kusema watanitoa huku, waniweke mu kabati ingine."

Akaniomba niuzuie mkeka usitembee. Kwake mchezo ulikuwa umegeuka. Akiendelea kudansi na kuanguka, anapoteza nyumba yake. Akiacha kudansi, mguu unakauka, na nyumba anaipoteza vilevile, polepole tu.

Nanyi ndipo mlipoingia na mashauri yenu! Niwaulize, nani aliwaambia kila kitu duniani kinatibiwa kwa tepu? Mmoja wenu alikuja na tepu ya kunata pande zote mbili, akaibandika kwa Maman Odette kabla sijafika. Ndiyo, ilishika. Ilishika wimbo mmoja. Mtu anaporukaruka, gundi inapata joto, inalainika, mkeka unaanza kutambaa pole kama konokono, na hilo ni baya kuliko kuteleza, kwa sababu huoni. Nilipoibandua ilitoka na kipande cha lino, na palipobaki gundi pakakusanya vumbi lote la Anderlecht. Tepu ni ya kufungia masanduku. Isikanyagwe na binadamu.

Na ile ya soda! Msijifanye hamjui. Mliona kwenye video kwamba wachezaji wa jukwaani hupiga deki na soda ili viatu vishike, mkaumwagia ukumbi wa parokia. Ni kweli wachezaji hufanya hivyo, kwenye jukwaa lao, na wana mtu wa kusafisha baadaye. Ninyi mlimwaga na kuanza kucheza. Soksi za Grâce, yule wa sauti ya kwanza kwenye kwaya, zilibaki sakafuni, yeye akaendelea mbele peku. Jumapili padri alipita ukumbini humo kwenda madhabahuni na kila hatua yake ililia kama mtu anayebandua stempu. Nani aliyepiga magoti kuisugua sakafu ile? Mimi. Nani aliyeleta maji ya moto? Hakuna. Mlikuwa na mtihani.

Hata hivyo kosa langu lilikuwa kubwa kuliko la tepu na la soda, kwa kuwa mimi nilikuwa na ufundi. Nilichukua ubao wa plywood, nikaukata mpana kuliko mkeka, nikabandika mkeka juu yake na utepe ule wa mikwaruzo unaofunga viatu vya watoto, na chini ya ubao nikaweka raba. Kwenu vijana hiyo ndiyo dawa bora, nanyi mkitaka kuruka kama mbuzi, fanyeni hivyo. Ubao haukusogea hata unywele. Nikajipongeza. Maman Odette akashuka baada ya wimbo wa kwanza, kidole cha mguu kikagonga ukingo, nami nikamdaka kwa bahati tu. Nilikuwa nimezuia mkeka na kumjengea mwanamke mwenye nyonga mpya ngazi katikati ya sebule.

"Papa Anselme," alisema akiwa bado ameshika kola yangu, "kama unataka nikufe, sema tu. Tusihangaike na mbao."

Niliukatakata ubao ule na kuutupa. Hapo, kwa kuchelewa sana, nikamkumbuka Monsieur Firmin. Nikavua viatu. Nikavua soksi. Nikaikanyaga sakafu ya Maman Odette kwa mguu mtupu, nikaburuta unyayo wangu kutoka dirishani hadi mlangoni, na nilipougeuza ulikuwa mweupe. Vumbi! Vumbi la unga, la nywele, la mablanketi. Mkeka ule ulikuwa hautelezi kwenye lino. Ulikuwa unabingirika juu ya vumbi kama mzigo juu ya magurudumu.

Basi shikeni hili, maana ndilo mlilokuwa mnauliza. Pangusa sakafu na kitambaa chenye maji, isiwe chapachapa, uache ikauke kabisa. Geuza mkeka na uoshe tumbo lake kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo, usuuze, maana sabuni ikibaki nayo ni utelezi. Watu wanaosha juu tu, pale panapoonekana. Wanaosha uso wa mkeka na kuuacha mgongo wake mchafu! Halafu nenda kwenye duka la mazulia, omba ule wavu wa mpira unaowekwa chini ya zulia. Ukate uwe mdogo kuliko mkeka kwa upana wa kidole kila upande, ili ukingo wa mkeka ulale chini wenyewe na usimkwaze mtu. Tandaza wavu, tandaza mkeka, ukanyage kutoka katikati kwenda nje kutoa mikunjo. Usijaribu kwa kusukuma na kidole cha mguu kama mnavyofanya. Piga magoti, weka viganja viwili, usukume kwa uzito wako wote. Ukisogea chini ya viganja, utasogea chini ya mtu. Na msicheze na soksi. Nimesema mara ngapi? Peku, au viatu vya raba. Mtu anaweka wavu chini ya mkeka halafu anapanda juu na soksi za sufu!

Kwa Maman Odette niliongeza kiti kizito upande wa mkono wake mzuri, nje ya mkeka, mgongo wa kiti ukimwelekea, ili apate pa kushika. Mkeka ukatulia. Alicheza kila asubuhi, nami kupitia ukutani nilisikia mdundo wa nyayo zake, na nilinywa chai yangu nikiwa mtu mwenye furaha.

Kisha Didier akasema atakuja Jumapili kuona mwenyewe.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hili ni kosa ambalo Monsieur Firmin asingelifanya, wala Mbelgiji yeyote. Ni letu sisi. Mgeni anakuja. Mtoto wa mtu, tena mkubwa, anakuja rasmi, baada ya chakula, kuamua jambo. Sebule ya mama yake imekwaruzwa na tepu, imefifia. Maman Odette akanitazama, nami nikamwelewa bila neno. Jumamosi nikaleta nta yangu ya zamani na kitambaa cha sufu, nikaing'arisha sakafu ile kama korido ya wazee. Mimi! Mtu niliyekwisha kujua! Nilijidanganya kwa ujanja: niliacha bila nta ule mraba ulipolala mkeka. Nikajiambia mkeka hautasogea, kwa hiyo hakuna hatari. Wala sikumweleza mwenye nyumba kwa nini nimeuacha mraba, kwa sababu nilidhani ni jambo la ufundi.

Lakini mgeni akija, nyumba haibaki ilivyokuwa. Jumapili asubuhi Maman Odette aliona kiti cha heshima hakina nafasi mbele ya televisheni. Akausogeza mkeka karibu na dirisha, juu ya nta. Alipousogeza akauona wavu unachungulia ukingoni.

"Kile kitu kinafanana na mufuko ya vitunguu," aliniambia baadaye. "Mutoto akuje aone mufuko ya vitunguu mu salon yangu?"

Akaukunja akauficha nyuma ya kochi. Alitaka kumheshimu mgeni, kama nilivyotaka mimi.

Tulikula fufu na sombe ya majani ya mihogo, Didier akamsifu mama kwa mapishi, akaisifu na sakafu. "Ah, maman, huku kunang'aa sawa Lubumbashi!" Nilifurahi kama mpumbavu. Kisha Maman Odette akafunga kitambaa vizuri kiunoni, akapanda juu ya mkeka peku, akawasha wimbo. Mshale wa mbele, mshale wa nyuma. Alikuwa anatabasamu. Mshale wa kulia ukapanda, akaukanyaga kwa nguvu, kama nilivyomzoesha, na mkeka ukaondoka chini yake kama mtu amevuta kitambaa cha meza. Kiti kizito kilikuwa kimebaki kule mahali pa zamani. Alikaa chini kwa kishindo, kiwiko kikagonga ukuta.

Muziki uliendelea. Mishale ilipanda mmoja baada ya mwingine, hakuna wa kuikanyaga.

Didier alimwinua, akamkalisha, akampapasa kiwiko na nyonga. Hakuvunjika. Alipohakikisha, ndipo akasema kwa sauti ya chini ambayo ilikuwa mbaya kuliko kelele: "Maman, c'est fini, imeisha. Kesho natelefone kule ku home."

"Didier, si mimi, ni ile tapis..."

"Maman, ni umri. Hakuna haya. Ni umri tu."

Hapo, vijana wangu, damu ilinipanda. Nilisimama, nikaona mkeka umelala dirishani, nikauona mraba wangu usio na nta umebaki wazi katikati ya sebule kama doa, nikaelewa yote kwa mara moja.

"Ni mimi," nikasema. "Didier, mama yako haiko na kosa. Nilipaka nta. Ni sakafu yangu njo imemwangusha."

Akanigeukia kwa upole, na upole ule ulinikera zaidi. "Papa Anselme, merci. Najua unamupenda maman. Lakini hapana kumufunikia."

Mnaona? Mtu anakiri, na hasadikiwi! Kwa sababu ni rahisi kusadiki kwamba mguu wa mwanamke mzee ni mbovu kuliko kusadiki kwamba sakafu inayomeremeta, iliyosifiwa muda mfupi uliopita, ndiyo mbaya.

"Vua viatu," nikamwambia.

"Pardon?"

"Vua viatu. Panda kwa tapis. Ufanye ile mama yako alifanya."

Alicheka. Ni mtu wa mwili, mcheza mpira wa Jumamosi na madereva wenzake. "Papa Anselme, bon, mi siko mutoto ya kuchezesha."

Maman Odette, kiwiko kimefungwa na taulo yenye barafu, akamtazama kutoka kwenye kile kiti cha heshima. "Panda, mutoto yangu. Ao unaogopa?"

Hakuna mwana wa Katanga anayeweza kulijibu swali hilo la mama yake kwa kukaa. Alivua viatu, akapanda na soksi zake, mikono mfukoni kutuonyesha dharau. Mshale wa kwanza ulikuwa wa kushoto. Alikanyaga. Mkeka ukaenda zake, mguu mmoja ukaenda nao, mguu mwingine ukabaki. Mikono ilitoka mfukoni ikitafuta dunia. Ilipata pazia. Pazia likashuka na fimbo yake yote, na dereva wetu akalala chini ya kitambaa cha maua, amefunikwa kichwa hadi kiuno kama maiti ya kifahari.

Halafu sauti ya Maman Odette, tulivu kabisa:

"Bon. Basi, ni weye tunapeleka ku home, Ganshoren?"

Nilicheka mpaka magoti yakaniuma. Chini ya pazia palianza kutikisika, nikadhani analia, kumbe naye anacheka. Hakusema "mama, nimekosea." Watu hawasemi hivyo. Alisema, akijitoa kwenye maua: "Ile nta inatoka je?"

Inatoka kwa taabu, na hili nalo mlijue. Kwa maji matupu huitoi. Ni dawa yake ya kuivua, kwenye maji, madirisha wazi, kipande kimoja kimoja, unaacha inywe, unasugua, unafuta kabla haijakauka, kisha unasuuza mara mbili. Didier alikuja Jumamosi iliyofuata badala ya kwenda mpirani. Tulipiga magoti wawili tukaanzia dirishani. Alisugua kama mtu anayetafuta kitu alichopoteza. Tulipomaliza nilimwambia avue viatu na soksi, na nyayo zake zikalia kwenye lino, kwik, kwik, sauti ambayo Monsieur Firmin alikuwa akiisikiliza kama wimbo. Tukaurudisha mkeka mahali pake, na wavu chini, na kiti kizito pembeni. Didier akapiga magoti mwenyewe, akaweka viganja viwili, akasukuma mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Haukusogea. Ndipo akamwambia mama yake apande.

Alicheza nyimbo mbili. Akataka wa tatu, mwanawe akamkataza, wakagombana kidogo kama watu walio nyumbani kwao. Habari za home hazijarudi tena. Didier anasema "tutaona," nami ninalikubali neno hilo, kwa sababu angalau sasa anaona.

Lakini msidhani mambo haya ni bure. Sakafu ya Maman Odette sasa imefifia. Ni safi, inashika mguu, na ni butu kama ubao wa shule. Maman Clarisse alipokuja alitazama chini kama desturi, hakuyaona meno yake, akanyamaza. Kufikia Jumapili, kwenye ngazi za kanisa, nilisikia kwa masikio yangu: maskini, Ya Odette amechoka, hata nyumba haiwezi tena. Mwanamke aliyeisugua sakafu hiyo maisha yake yote! Nilitaka kuwarukia. Hasira yangu iliwatafuta wale wamama, kisha ikamtafuta mama yangu na brashi yake, kisha ikanikuta mimi, ikatulia hapo.

Nilimweleza Maman Odette niliyoyasikia. Hakushtuka. Alinishika mkono akaniongoza hadi kwenye kabati lake la vyombo, lile zito ambalo halijasogezwa tangu mumewe alipoliweka. Chini yake, kati ya miguu minne, ambapo hakuna binadamu atakayekanyaga, kuna kipande cha sakafu ambacho dawa yetu haikukifikia, nta bado ipo.

"Hapa utaning'arishia," alisema. "Kila mwezi. Mpaka iwake."

Basi siku hizi mgeni akiingia na kutazama chini kwa macho yale tunayoyajua, Maman Odette anamwambia: inama, mama, inama kabisa, angalia chini ya kabati. Anainama na magoti yake mabovu, na kule gizani anayaona meno yake. Wakati anahangaika kuinuka, Maman Odette ameshawasha televisheni na kupanda juu ya mkeka.

Na mimi kila mwezi ninalala kifudifudi sebuleni mwake, mkono umeingia chini ya kabati hadi begani, ninasugua. Ni sakafu ndogo kuliko zote nilizowahi kung'arisha, na ni ya kwanza ambayo nina hakika haitamwangusha mtu.